Makao Makuu na Mafundi Wake: Kabati la Paris, Pembe za Ugogo na Mninga wa Dodoma



Jioni hii nitazungumzia kabati. Ni kabati la Kifaransa, liko London kwa zaidi ya miaka 150, na wengi wetu hatutaliona kwa macho. Nimelichagua kwa sababu linanisaidia kusema jambo ambalo nimelibeba moyoni tangu Serikali ilipohamia hapa Dodoma: fundi bora hutengenezwa na mteja anayejua kutazama, na katika nchi yoyote mteja mkubwa kuliko wote ni makao makuu.

Mwaka 1867 Paris iliandaa Maonesho ya Dunia. Miongoni mwa walioleta kazi zao alikuwapo Henri-Auguste Fourdinois, mwana wa Alexandre-Georges Fourdinois, ambaye naye alikuwa fundi wa makabati mwenye jina. Kabati la Henri-Auguste lilijengwa kwa mtindo wa Ufaransa ya karne ya 16, zama za Mfalme Henri II: sehemu mbili zilizopandana, nguzo, na sanamu ndogo zilizochongwa kwa uangalifu mkubwa. Mbao kuu ilikuwa abunusi, nyeusi kama mpingo wetu ingawa si mti wa ukoo mmoja nao. Kwa ukoo, mpingo uko karibu zaidi na mninga. Ndani ya weusi huo zilipachikwa mbao za rangi nyingine, pamoja na mawe ya thamani ya buluu na ya kijani. Makumbusho ya South Kensington, ambayo leo yanaitwa Victoria and Albert, yalilinunua kwa pauni 2,750. Kwa zama zile, hizo zilikuwa fedha za kununulia nyumba.

Mafundi mlio hapa mtaniuliza: kazi yenyewe ilikuwa na nini? Kwa kawaida nakshi ya kupachika hufanywa kwa vinia. Unakata ua kwenye mbao nyembamba, unalilaza juu ya mbao nyingine, unabandika kwa gundi, unapiga msasa, kazi imekwisha. Ua linabaki bapa. Fourdinois alipachika vipande vinene, vikazama ndani ya mwili wa mbao, ndipo akavichonga. Kwa hiyo ua jeupe linalochomoza kwenye mlango mweusi ni mti mweupe kweli, tangu ncha ya jani hadi mzizi wake ndani ya abunusi. Hakuna rangi iliyopakwa. Patasi ikiteleza hapo hakuna pa kuficha, maana ukikwangua zaidi unatokeza mbao nyingine na kazi ya miezi imeharibika. Kazi ya namna hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Inataka mchoraji, mkata mbao, mchongaji na mpigaji vanishi wanaoelewana bila kupiga kelele.

Wako wasomi wanaoyadharau makabati ya aina hii. Wanasema ni kazi ya kuiga, kwamba karne ya 19 ilikuwa na reli na mitambo ya mvuke lakini ikashindwa kubuni mtindo wake, ikaenda kuazima kwa mababu. Mimi sikubaliani nao. Tazameni yaliyotangulia. Mwaka 1791 Mapinduzi ya Ufaransa yalivifuta vyama vya mafundi vilivyokuwa vimelinda elimu ya kazi kwa karne kadhaa. Kuanzia Agosti 1793 samani za kasri la Versailles zilipigwa mnada, na mnada huo ukaendelea karibu mwaka mzima. Vitu vilitawanyika na shule ikatawanyika pamoja navyo. Kizazi kilichofuata kilipotaka kurudisha ufundi ule, kilianza pale ambapo kila mwanafunzi wa ufundi huanzia, yaani kunakili kazi ya mkubwa wake.

Mfano mzuri ni meza ya kuandikia ya Mfalme Louis XV. Jean-François Oeben aliianza mwaka 1760, akafariki kabla ya kuimaliza, na Jean-Henri Riesener akaikamilisha mwaka 1769 na kutia jina lake. Miaka mia baadaye Henri Dasson aliinakili, akafuata Alfred Beurdeley, kisha François Linke. Kila mmoja alilazimika kufumbua upya namna mfuniko ule wa mviringo unavyojikunja na kurudi ndani, namna ufunguo mmoja unavyofunga droo zote, namna mapambo ya shaba yanavyomiminwa kutoka kwenye kielelezo cha nta kabla ya kupakwa dhahabu. Linke alipofika Maonesho ya mwaka 1900 hakuwa tena mnakili. Aliweka mezani samani za umbo lake mwenyewe na akapata medali ya dhahabu. Hiyo ndiyo njia ya ufundi popote ulipo. Mwanagenzi anayefukuzwa karakana kwa sababu ananakili, hawezi kufika mahali pa kubuni.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye swali linalotuhusu zaidi. Kwa nini Paris? Misitu ya Ufaransa haiko Paris. Abunusi ilitoka ng'ambo ya bahari. Hata mafundi wengi hawakuwa wenyeji: Oeben na Riesener walizaliwa Ujerumani, na Linke alitoka Bohemia, katika nchi ambayo leo ni Ucheki. Kilichowavuta ni mteja. Mwaka 1663 waziri Colbert alipanga upya idara ya kutunza samani za Mfalme, na mwaka 1667 karakana za Gobelins zikapewa kazi ya kutengeneza samani za kasri. Mwaka 1672 André-Charles Boulle alipewa makazi na karakana ndani ya Louvre, jumba la Mfalme mwenyewe. Idara ile haikuagiza tu. Iliandika kila kitu: namba, vipimo, aina ya mbao, jina la fundi na bei. Na nje kidogo ya kuta za jiji, katika mtaa wa Faubourg Saint-Antoine, Mfalme aliwaruhusu mafundi wafanye kazi bila kubanwa na masharti ya vyama vya jijini. Mgeni mwenye mkono mzuri aliweza kufika leo na kushika randa kesho.

Halafu kukawa na muhuri. Tangu katikati ya karne ya 18 sheria ya chama iliwataka mafundi wakuu wa Paris kugonga jina lao kwenye kila samani, mahali pasipoonekana, kama chini ya marumaru au nyuma ya mguu. Muhuri huo ulimbana fundi awajibike droo ikikwama. Leo ndio unaotuwezesha kuwataja kwa majina watu waliokufa miaka 250 iliyopita.

Nimetamka neno majina kwa makusudi, maana hapa ndipo uwanda wetu unapoingia katika hadithi.

Katika miaka ileile ya Fourdinois, Zanzibar ilikuwa moja ya masoko makuu ya pembe za ndovu duniani, na njia kuu ya pembe hizo ilipita hapa. Misafara iliyotoka Unyanyembe, Tabora ya leo, ilivuka Ugogo, ikakata nyika kavu ya Marenga Mkali, ikafika Mpwapwa, ndipo ikateremka kuelekea Bagamoyo. Wasafiri Burton na Speke waliipita njia hiyo mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Watemi wa Ugogo walitoza hongo ya nguo, shanga na waya, wala hawakuitoza kwa upole. Visima vilikuwa vyao, na nafaka ya kuwalisha mamia ya wapagazi ilitoka mashambani mwao. Msafara usiopatana na mtemi haukunywa maji.

Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa ng'ambo kwa sababu ni laini na hazipasuki upesi chini ya msumeno. Zikawa vibao vya piano, mipira ya biliadi, vitana, na vipande vyembamba vya kunakshia samani nyeusi, mtindo uliovuma Milano na Paris katika miaka ya 1860 na 1870. Pwani yetu ilitoa zaidi ya hapo. Sandarusi iliyochimbwa ardhini Mrima ilipelekwa Salem kule Marekani, na Hamburg, ikapikwa kuwa vanishi ngumu ya magari ya farasi na samani. Magamba ya ng'amba, ambayo ndiyo yaliyompa Boulle ule mng'ao katikati ya shaba, yalikuwa bidhaa ya pwani hii tangu karne ya kwanza, na kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha zama hizo kinayataja pamoja na pembe. Biashara ya kimataifa ya ng'amba na ya pembe sasa imekatazwa, na mimi nashukuru. Hakuna kabati linalostahili roho ya ndovu. Lakini historia haifutwi kwa katazo: sehemu ya uzuri uliomo katika majumba yale ilibebwa mabegani, ikapita katika ardhi hii tuliyokaa, na waliobeba hawakugongewa muhuri wowote.

Msije mkadhani kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na malighafi tu, ikakosa mikono. Karne hiyohiyo mafundi wa Lamu, Siyu na Zanzibar walikuwa wakitengeneza kiti cha enzi: mbao nyeusi, mgongo wima, nyuzi zilizosukwa kwenye fremu, na nakshi ya pembe iliyopachikwa kwa hesabu ya mraba na pembetatu. Ukikiweka kando ya kabati jeusi la Paris la mwaka 1870 utaona mawazo mawili yaliyokutana bila kuonana. Bara nako, makumbusho ya Berlin yana kiti cha utawala kutoka Unyanyembe, kimechongwa kutoka gogo moja, kina mgongo mrefu, na nyuma ya mgongo pamechongwa umbo la mtu. Ni miongoni mwa kazi kubwa za uchongaji za bara hili, na ningependa kila mwanafunzi wa sanaa wa chuo hiki aichore angalau mara moja. Mchongaji wake hatajwi popote.

Linganisheni na muziki. Hukwe Zawose wa hapa Dodoma alijulikana duniani kwa zeze na ilimba, ala ambazo ubora wake huanzia kwa mchongaji wa kisanduku. Jina lake limebaki kwa sababu mwanamuziki husimama mbele ya watu. Seremala huondoka na kiti hubaki. Asipoandikwa siku ile anayokabidhi kazi, ndiyo basi.

Kuna mahali pengine Afrika ambako mambo haya yalikwenda tofauti kidogo. Mfalme Fuad wa Misri aliagiza kwa Linke samani za kasri la Ras al-Tin, Aleksandria, oda kubwa ajabu ya zaidi ya vipande elfu. Ladha ya kasri ikashuka mitaani, nao mafundi wa Damietta, mji ulio kwenye mdomo wa Nili, wakajifunza viti na makabati ya Kifaransa mpaka yakawa yao. Leo Damietta ni mji wa samani unaofahamika katika ulimwengu wote wa Kiarabu, na familia hurithishana patasi. Watu wa ladha kali hucheka dhahabu nyingi iliyomo katika kazi zile. Mimi naona maelfu ya watu wanaojua kuchonga.

Tuje Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika mwaka 1973, mwaka uleule ambao SIDO ilianzishwa kwa sheria ili kulea viwanda vidogo. Safari ilikuwa ndefu. Serikali ilihamia kwa kishindo kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2018 ikatungwa sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu. Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kumejengwa wizara nzima nzima. Kila jengo lina vyumba, kila chumba kina meza, viti na kabati la mafaili, na kila ukumbi una viti vya wageni. Hiyo ni oda kubwa ya samani katika sehemu moja kwa muda mfupi.

Na tumejaza nini humo? Nimeingia ofisi nyingi. Nimekuta makabati ya unga wa mbao ulioshindiliwa, yamebandikwa karatasi yenye picha ya mistari ya mti, na masofa yaliyoletwa kwa kontena yenye miguu iliyopinda kwa mtindo wa Louis XV na maua ya plastiki yaliyopakwa rangi ya dhahabu. Huo nao ni mtindo wa Kifaransa uliohuishwa, ila umepitia kiwandani mbali sana na patasi. Bawaba inang'oka mwaka wa pili kwa sababu skrubu haina nyuzi za kushika. Ikishang'oka hakuna fundi anayeweza kuirudisha, kwa kuwa ule unga ukishamumunyuka haukamati tena. Kabati linatolewa nje, linanyeshewa, linakuwa taka. Mita mia tatu kutoka hapo, pembezoni mwa barabara, kijana anapiga randa mninga.

Huyo kijana nina la kumwambia pia, maana sikuja kumsifu bure. Hewa ya uwanda huu ni kavu. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni ya Desemba hadi Aprili, haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, na kuanzia Juni upepo unanyonya maji katika kila kitu. Mbao hunywea kwa upana wake. Kwa urefu karibu hainywei kabisa. Ukichukua mbao mbichi iliyoshushwa juzi kutoka Tabora au Katavi, ukatengeneza mlango wa kabati mwezi wa Machi na kuigundisha paneli pande zote nne, mwezi wa Septemba itapasuka katikati kwa mlio, na mteja atasema mafundi wetu hawafai. Mbao ipangwe kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite, na kanuni ya mafundi ni takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Paneli ikae huru ndani ya mfereji wa fremu, bila gundi, ipate nafasi ya kutanuka na kunywea. Mafundi wa Paris walijifunza hayo kwa maumivu yaleyale. Kabati la karne ya 18 likihamishiwa nyumba yenye joto la mitambo, vinia yake huinuka kama magamba. Mninga una heri moja kubwa: ukikauka vizuri hutulia, haupindi ovyo, na unapokea vanishi kwa rangi ambayo hakuna kiwanda kimeweza kuiiga sawasawa.

Lakini nani atamlipa kijana huyu akae na mbao mwaka mzima? Hapo ndipo lawama inapohama kutoka karakana hadi ofisi ya ununuzi. Fundi anayelipwa akimaliza kazi, tena baada ya kuzungushwa miezi, hawezi kukausha mbao. Atanunua mbichi, atafanya haraka, atauza. Colbert alilijua hilo, ndiyo maana mafundi wa Mfalme walipewa makazi, oda za miaka na malipo ya awali. Sisi tunazo nyenzo zetu. Sheria inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi ya mwaka kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. VETA ipo. Viwanja vya Nzuguni hujaa watu kila Nane Nane. Mwaka 2016 Bunge lilimkabidhi Rais Magufuli shilingi bilioni 6 za madawati, na kazi ikapewa JKT na Magereza. Ilionekana wazi kwamba dola ikisema inataka mbao, mbao zinasogea. Dawati halikuhitaji nakshi. Nashauri hatua inayofuata iwe ya kuhitaji zaidi.

Paris ilipoona kwamba mitambo inawala mafundi wake, mwaka 1886 jiji lilifungua shule iliyopewa jina la Boulle, ambamo kijana hujifunza kuchora asubuhi na kushika patasi mchana. Shule hiyo bado ipo. Ninachokiomba chuo hiki si kikubwa kama hicho. Wanafunzi wetu wa sanaa wana penseli bila mbao, na wale wa ufundi stadi wana mbao bila darasa la kutosha la kuchora. Wakae chumba kimoja mara mbili kwa wiki. Wanakili kwanza: kiti cha Unyanyembe kutoka kwenye picha, kiti cha enzi cha Lamu, milango ya Zanzibar, na naam, kabati la Fourdinois. Wavunje vichwa kujua ua lile liliingiaje. Baadaye wachore chao.

Kazi ya kwanza ninayo tayari, nayo ni ya kwetu wenyewe. Chumba cha kusomea cha maktaba kinahitaji makabati ya vitabu. Ninaliomba Baraza la Chuo lisiagize kontena. Hati ya zabuni iandikwe hivi: mninga uliokaushwa na kupimwa unyevu kabla ya kukatwa, fremu za ulimi na tundu, paneli zisizogundishwa, bawaba za shaba zenye skrubu za shaba, nakshi ya ukanda wa juu ichorwe na wanafunzi na kuchongwa na fundi atakayeshinda, theluthi moja ya malipo itolewe siku ya kununua mbao, nyingine kabati likisimama, ya mwisho baada ya kiangazi kimoja bila ufa. Na ndani ya mlango wa kulia, kwa herufi zilizogongwa kwenye mti wenyewe, pawe na jina la fundi, mtaa wake na mwaka. Michoro ya awali imebandikwa ukutani hapo nje ya ukumbi. Mafundi, naomba muitazame kabla hamjaondoka, na mnisahihishe vipimo kwa kalamu nyekundu iliyofungwa kwa uzi pembeni, hasa kina cha rafu ya chini, kwa sababu vitabu vya sheria na vya ramani ni vipana kuliko tulivyokadiria.